Mkono Mmoja Haulei Mwana: Jando la Tunduru, Bakora ya Skuli na Kikao cha Wazazi



Kila inapotoka habari ya vijana waliochomana visu, au kundi la watoto wadogo lililovamia mtaa usiku na mapanga, maneno yanayofuata ni yaleyale: "Zamani watoto walikuwa na adabu kwa sababu walichapwa." Tunayasikia harusini, kwenye daladala, na nje ya msikiti baada ya swala. Baada ya hapo mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, na mtoto yuko katikati anawatazama wote wawili.

Leo nataka tuyapime maneno hayo kwa historia. Nitawapeleka mbali kidogo na visiwa vyetu, mpaka Tunduru. Huko tutaona jinsi malezi yalivyokuwa kazi ya kijiji kizima, yalivyogawanywa vipande viwili skuli ilipokuja, na kwa nini mipango ya leo ya kuwakutanisha wazazi na walimu inajaribu kuviunga tena vipande hivyo.

Tunduru inatuhusu nini?

Tunduru ni wilaya ya mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania. Ukitoka Songea kuelekea mashariki unapita Namtumbo, unaingia Tunduru, na ukiendelea mbele unafika Masasi. Kusini yake ni Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wenyeji wake wengi ni Wayao, na wengi wao ni Waislamu. Ni watu wa korosho, mpunga na tumbaku, na katikati ya miaka ya 1990 vijana kutoka kila upande walimiminika huko kutafuta vito.

Sisi watu wa visiwani tuna udugu na upande ule kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Katika karne ya 19 Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara iliyoshuka Kilwa na pembe za ndovu na watumwa, na kutoka Kilwa majahazi yalikuja Unguja. Baadhi ya Wayao waliuza watu, na baadhi yao waliuzwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Wanawake walioletwa kutoka Nyasa, Uyao, Umakua na Umakonde hawakuja na mali, lakini walikuja na elimu yao. Unyago tunaoujua hapa kwetu, pamoja na ngoma yake ya msondo, una mizizi huko. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kama mwimbaji wa taarabu. Hapa kwetu alikuwa pia kungwi, na wari wengi walipita mikononi mwake.

Kwa hiyo tunapozungumzia jinsi watu wa Tunduru walivyolea watoto wao, tunawazungumzia pia bibi zetu.

Kumbini: wakubwa nao walifungwa

Mtoto wa kiume wa Kiyao hakuwa mtu mzima kwa sababu ya umri peke yake. Alipitishwa jandoni. Wavulana wa nyumba nyingi walikusanywa pamoja, wakapelekwa porini kwenye kibanda walichojengewa, wakatahiriwa na ngariba, na wakakaa huko mpaka vidonda vipone. Wakiwa kumbini walifundishwa kwa nyimbo na mafumbo: namna ya kumsalimia mkubwa, namna ya kukaa na mkwe, mambo ya kuona na kunyamaza, na kazi ya mwanamume nyumbani. Siku ya kutoka, kibanda kilichomwa moto na wavulana wakaondoka bila kugeuka nyuma. Wasichana nao walikuwa na unyago wao chini ya makungwi.

Uislamu ulipoingia kupitia njia zilezile za biashara, na ukaenea zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, jando halikufa. Lilivaa kanzu. Kwa Wayao wengi wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, kutoka jandoni kulihesabiwa kuwa ndiko kuingia rasmi katika Uislamu.

Hayo wengi tunayajua. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika tunapoisifu zamani: jando liliwafunga wazazi pia. Watoto wakiwa kumbini, baba na mama walitakiwa kujizuia na tendo la ndoa mpaka watoto warudi. Waliamini kwamba mzazi akivunja mwiko, kidonda cha mwanawe hakitapona. Mama alipika chakula cha kupelekwa porini, na kila mzazi alijua kwamba tabia yake mwenyewe inaangaliwa. Kanuni za siku zile hazikuwa za mtoto peke yake.

Kuna jingine. Wayao hufuata ukoo wa mama. Mwenye sauti juu ya mtoto mara nyingi alikuwa mjomba, kaka wa mama, ambaye alibeba dhamana ya dada zake na watoto wao. Bibi naye alikuwa na nafasi yake. Kijana akifanya ugomvi, kesi ilimfuata mjomba wake. Kwa hiyo mjomba alikuwa na sababu kubwa ya kumfundisha kijana mapema, kabla ugomvi haujafika kwa mkuu wa kijiji.

Sitaki tudanganyane, lakini. Kumbini kulikuwa na fimbo pia. Wavulana walitishwa, walichapwa, na baadhi yao waliumia. Uchungu ulihesabiwa kuwa mwalimu. Wasichana wengine walitoka unyagoni wakiwa wadogo mno na kuonekana tayari kwa ndoa. Anayesema zamani yote ilikuwa asali hakuwauliza waliopita huko. Tukitaka kujifunza kutoka Tunduru, lazima tujue kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Askofu aliyeingia porini

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini, aliondoka Unguja na kundi la watu walioachiwa huru utumwani akielekea nchi ya Wayao. Safari yao iliishia Masasi, na hapo wakaweka kijiji chao. Kwa miaka mingi eneo lile la kusini lilikuwa chini ya dayosisi ya Zanzibar, mpaka Masasi ilipopewa askofu wake mwaka 1926. Askofu huyo wa kwanza alikuwa Vincent Lucas.

Lucas aligundua jambo ambalo wamisionari wengi hawakuliona. Kumkataza Mkristo jando kulikuwa sawa na kumwambia mwanawe asiwe mtu mzima. Kuanzia miaka ya 1910, kabla hajawa askofu, alianzisha jando la Kikristo. Aliacha pori, kibanda na tohara, akaondoa aliyoyaona maovu, na akaingiza sala na mapadri. Kwa wasichana jambo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa wa wanawake na siri zao, na mmisionari hakuwa na pa kushika.

Sisi si Waanglikana, na si kila alichofanya kilikuwa sawa. Ninamtaja kwa sababu moja: alikubali kukaa chini na wazee wenye malezi kabla ya kubadili malezi. Waliomfuata katika kazi ya elimu hawakufanya hivyo mara nyingi.

Hamsa ishirini

Fimbo ya serikali ilikuja na Wajerumani. Watu wa pwani waliipa jina lake, hamsa ishirini, yaani viboko 25, adhabu iliyotolewa kwa makosa makubwa na madogo. Mtu mzima mwenye mke na watoto alilazwa chini hadharani mbele ya familia yake. Hakuna somo la ukatili linalomshinda mtoto aliyemwona baba yake akichapwa.

Halafu vikaja vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906, pale Songea, viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa. Siku hiyo hukumbukwa mpaka leo kila mwaka. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wa Tanzania wanakadiria waliokufa kusini nzima kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Fikiria maana yake katika malezi: kizazi kizima cha watoto kilipoteza baba, wajomba na babu, yaani walewale waliokuwa walimu wa kumbini.

Chini ya Waingereza skuli nyingi za kusini zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi Waislamu wa sehemu kama Tunduru waliogopa kwamba mtoto atakwenda kusoma na kurudi na dini nyingine. Wengi walibaki na chuo cha Qur'ani, na skuli ikawa kitu cha wengine. Mwaka 1955 kiliundwa Chama cha Wazazi wa Kiafrika Tanganyika, TAPA, kilichoanzisha skuli pale serikali ilipokuwa haijafika. Huo ni ukurasa mzuri: wazazi wenyewe wakisema skuli ni yetu. Chama hicho ndicho baadaye kilichokuwa Jumuiya ya Wazazi.

Uhuru ulipokuja, fimbo haikuondoka na mkoloni. Sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini ilimpa mwizi na mla rushwa viboko 24 juu ya kifungo chake: 12 akiingia gerezani na 12 akitoka. Katika skuli, kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu bakora hadi sita. Mwaka 2000 zikapunguzwa kuwa nne, na ikaelezwa kwamba mwenye ruhusa ya kuchapa ni mkuu wa skuli. Tujiulize ni skuli ngapi tulizosoma sisi ambako kanuni hiyo ilifuatwa.

Mzazi alivyobaki mlangoni

Haitoshi kumlaumu mwalimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Lilikuwa jambo jema sana, na wasichana wengi wa vijijini walipata kalamu kwa mara ya kwanza. Lakini walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, wale ambao watu waliwaita walimu wa UPE. Chukua kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri, mpe darasa la watoto 70 na chaki mbili. Hakuna aliyemfundisha kulinyamazisha darasa kwa njia nyingine. Ataokota nini?

Mzazi naye alipewa kazi ya kufyatua matofali, kuchangia fedha na kuhudhuria mkutano wa matokeo. Hakuulizwa kuhusu malezi. Ada ya skuli za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na kamati za skuli zikapewa kazi ya kusimamia fedha, mazungumzo mengi yalikuwa ya madarasa na madawati. Ilipokuja elimu bila malipo mwaka 2016, baadhi ya wazazi walielewa kwamba kila kitu sasa ni cha serikali, hata adabu ya mtoto.

Kule Tunduru na mikoa jirani ya Mtwara na Lindi ufa huu ulionekana wazi zaidi kwa sababu ya kalenda. Jando na unyago vilifuata mavuno, skuli ilifuata mihula. Mwalimu aliingia darasani akakuta viti vitupu, akaona wazazi hawathamini elimu. Wazazi waliona mwalimu, mgeni kutoka mbali, anadharau mila. Viongozi wa mikoa ile wamekuwa wakihimiza sherehe zifanyike wakati wa likizo. Ni agizo la busara, lakini linagusa tarehe tu. Mwalimu na kungwi bado hawajakaa meza moja kuulizana wanamfundisha nini mtoto yuleyule.

Tulichovuna

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Bara na Visiwani, na matokeo yakatangazwa Agosti 2011. Vijana zaidi ya 3,700 wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na mtu mzima au mwenza. Zaidi ya nusu yao walisema aliyewapiga alikuwa mwalimu.

Mwaka 2014 watafiti wengine walichapisha matokeo ya watoto 409 wa skuli ya msingi hapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wamechapwa nyumbani na skuli. Mmoja kati ya wanne alichapwa mpaka akajeruhiwa. Na waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ukorofi na ugomvi. Utafiti wa aina hii hauwezi kusema peke yake kipi kilianza, kipigo au ukorofi. Lakini unavunja ile hadithi kwamba mwenye kuchapwa sana ndiye mwenye adabu.

Majirani zetu Kenya walilipa gharama kubwa. Mwaka 1991, katika skuli ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana bwenini usiku na wasichana 19 wakafa. Mwaka 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, liliungua na wavulana 67 wakapoteza maisha, katika moto uliodaiwa kuwashwa na wanafunzi wenyewe. Skuli hizo hazikukosa bakora. Ilikuwa halali wakati wote huo. Mwaka uleule wa 2001 Kenya iliipiga marufuku.

Na hapa kwetu Tanzania, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi. Alikuwa na miaka 13.

Kukaa meza moja

Sasa tuje kwenye mipango yenyewe, kwa sababu si kila semina inasaidia.

Uganda, wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilijaribu mpango wake wa skuli njema katika skuli za msingi. Skuli 42 zilishiriki katika utafiti, nusu zikipewa mpango na nusu zikisubiri. Kwa miezi 18 walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi walifanya kazi pamoja: wakatunga kanuni za skuli yao, wakaunda kamati, wakafundishana adhabu zisizo za kupiga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika skuli zilizosubiri, watoto 49 kati ya 100 walipigwa na mtumishi wa skuli ndani ya wiki iliyopita. Katika skuli zenye mpango walikuwa 31. Bado ni wengi, lakini punguzo hilo ni watoto halisi.

Upande wa pili ni kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Huko skuli 27 zilishiriki katika utafiti wa mpango uliowalenga walimu tu, kuwafundisha kujizuia hasira na kuongoza darasa. Matokeo ya mwaka 2021 yalikuwa ya kuvunja moyo: vipigo havikupungua. Maisha ya kambini yana shida zake, na madarasa yamefurika. Hata hivyo mimi naona somo hapa. Ukimbadili mwalimu peke yake, huku mzazi anamwambia "mchape huyo, amenishinda," umemwacha mwalimu peke yake darasani.

Kwa upande wa wazazi, Afrika Kusini ilijaribu katika vijiji na mitaa 40 ya jimbo la Eastern Cape mpango wa mzazi kukaa na kijana wake katika vikao 14: kusifiana, kukubaliana kanuni, kupanga matumizi, kujua la kufanya hasira inapopanda. Familia 552 zilishiriki katika utafiti huo. Miezi kadhaa baadaye, vipigo nyumbani vilikuwa vimepungua ikilinganishwa na familia ambazo hazikupewa mpango, na ulevi pia. Mpango huo uliletwa Tanzania Bara kwa jina la Furaha.

Serikali nayo iliandika. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulizinduliwa Desemba 2016. Kati ya maeneo yake manane, moja ni malezi na familia na jingine ni usalama skulini na stadi za maisha. Siku hizi Bara kuna pia umoja wa wazazi na walimu katika skuli, UWAWA. Zanzibar tulikuwa na Sheria ya Mtoto tangu 2011, na mwaka 2015 sheria hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya dhahabu kwa kulinda haki za watoto. Kabla ya hapo baadhi ya skuli zetu zilikwishaanza kujaribu adhabu mbadala.

Karatasi tunazo. Kilichobaki ni meza na viti, na watu wa kukalia.

Nani aitwe kikaoni?

Hapa ndipo Tunduru inapotufundisha. Barua ya skuli huandikwa "Kwa Mzazi/Mlezi," na anayefika ni mama, kwa sababu baba yuko kazini au anaona kikao ni cha wanawake. Lakini tumeona kwamba kwa Wayao mwenye neno ni mjomba, na mwenye siri za mtoto ni bibi. Skuli ya Tunduru ikimwita baba na mama peke yao, imekosa nusu ya wazazi. Ikiwaita ngariba na kungwi pia, imempata mtu ambaye mtoto anamheshimu kuliko mwalimu mkuu. Fikiria kungwi anayemwambia mwari, mbele ya mwalimu, kwamba kumaliza skuli ni sehemu ya utu uzima wake. Neno hilo lina uzito ambao waraka wa wizara hauna.

Visiwani ni hivyohivyo. Mtoto wetu ana mwalimu wa skuli asubuhi na mwalimu wa chuoni mchana. Ana bibi, ana mama mdogo, ana kaka wa mtaani anayemwiga. Mmoja akisema usipige na mwingine akamfundisha kwa bakora, mtoto atamwamini aliyeshika bakora.

Na dini yetu haitupi udhuru. Tunajifunza kutoka kwa Anas bin Malik, Allah amridhie, aliyemtumikia Mtume (SAW) tangu utotoni kwa miaka kumi, kwamba hakuwahi kumkaripia hata kwa neno dogo la kuonyesha kuchoka. Mama yetu Aisha, Allah amridhie, alieleza kwamba Mtume (SAW) hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Luqman alipomwonya mwanawe alizungumza naye, na alianza kwa kumwita mwanangu. Hata ile methali tunayoipenda, mchelea mwana kulia hulia yeye, haisemi popote kwamba machozi ya mtoto lazima yaletwe na fimbo. Kumnyima kitu alichokitaka kutamliza pia, na kumtaka aombe radhi mbele ya aliyemkosea kutamliza zaidi.

Tunaweza kuanza na haya

1. Kikao kijacho cha skuli, kabla ya kuuliza nafasi ya mtoto darasani, uliza: skuli hii ina kanuni gani ya adhabu, nani anaruhusiwa kuitoa, na inaandikwa wapi?

2. Mchukue baba wa mtoto. Kama hawezi, mchukue mjomba. Mwanamume mmoja kikaoni huwafungulia wengine mlango.

3. Muulize mwalimu anahitaji nini. Darasa la watoto 80 linamchosha hata mwenye subira. Mama wawili wa kukaa na watoto wadogo wakati wa mapumziko ni msaada mkubwa.

4. Ongea na ustadhi wa chuoni maneno yaleyale uliyoongea na mwalimu wa skuli, ili mtoto asikie sauti moja.

5. Usimtishe mtoto kwa mwalimu: "Nitakwenda kumwambia mwalimu akuchape." Siku atakapoumizwa skuli, hatakwambia, kwa kuwa ulishamwonyesha uko upande gani.

6. Nyumbani mkubaliane kanuni chache, na wakubwa wazifuate. Kama kutukana ni marufuku, ni marufuku kwa baba pia.

Hili la sita ndilo wazee wa Tunduru walilijua vizuri. Mtoto alipokuwa kumbini, kijiji kizima kilijichunga kwa ajili ya kidonda chake. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walijichunga kwa msimu mmoja, na watoto wetu wako skuli miaka mingi.

Allah atujaalie subira katika malezi, awalinde watoto wetu wa Unguja, Pemba na Tunduru, na awape walimu wetu nguvu na upole. Amin.

Kama skuli ya mwanao tayari ina kikao cha wazazi na walimu, waulize wenzako wa mtaani kama skuli zao zinacho. Ambao hawana, wapelekeni kwenye chenu wakaone kinavyoendeshwa.